Kufundisha harakati za haki za kiraia Marekani: nilivyoachana na "Rosa alichoka, King akaota"

Mwalimu wa Zamu:

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa ajira za ualimu Marekani, wengi mkaja inboksi kuuliza nafundisha nini hasa. Nafundisha maarifa ya jamii shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8, watoto wa miaka 11 mpaka 14. Ni umri wa kazi kwelikweli. Mtoto anadai haki kuliko wakili, halafu kesho kasahau daftari nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nina Wamarekani weusi, weupe, Walatino, Wasomali, na Wakongo wengi tu ambao kwao wanaongea Kiswahili, kwa hiyo kwenye korido naitwa "Mwalimu!" na wenzangu wanadhani ndilo jina langu.

Kila Januari inafika zamu ya harakati za haki za kiraia. Shida ni kwamba mtoto anafika darasa la 8 akiwa ameisikia habari hiyo tangu chekechea, na anaijua hivi: bibi mmoja alichoka miguu akakataa kuinuka kwenye basi, kisha mchungaji mmoja akaota ndoto, wazungu wakaelewa, basi. Muulize swali la pili, hana kitu. Hilo la "wazungu wakaelewa" ndilo linalonitoa jasho.

Miaka miwili ya kwanza nami nilifundisha hivyohivyo, maana kitabu kilikuwa hivyo, na mimi mwenyewe nilikuja huku nikiyajua mambo haya kwa kusikiasikia. Siku hizi nafundisha kitu kimoja tu: kazi. Nani alidurufu karatasi, nani alitoa gari, mafuta yalilipwa na nani, nani alipika. Nina wiki tatu, na wiki ya kwanza yote hatutoki Montgomery, Alabama.

Siku ya kwanza nawapa mchoro. Umehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani, ulikuwa kielelezo mahakamani: basi limechorwa kama unaliangalia toka juu, viti vidogovidogo, na alama pale alipokaa Rosa Parks. Basi la viti 36. Kumi vya mbele ni vya weupe hata vikiwa vitupu. Parks hakukaa kwenye hivyo kumi! Alikaa safu inayofuata, ile ya katikati ambayo mtu mweusi anaruhusiwa mpaka mzungu akose kiti. Mzungu akikosa, dereva anapiga kelele na safu nzima inainuka, watu wanne, ili akae mmoja. Tarehe 1 Desemba 1955 watatu waliinuka. Yeye akasogea dirishani.

Mtoto akishika ule mchoro maswali yanakuja yenyewe. "Kwa nini wainuke wanne kwa ajili ya mmoja?" Kwa sababu mweusi na mweupe hawakutakiwa kukaa safu moja, hata kama njia ya kupita iko katikati yao. Hapo darasa linakaa kimya, na mimi sisemi kitu.

Halafu nawatajia umri wake, 42. Umri wa mama zao. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, la mji ule tangu 1943, na kiangazi cha 1955 alikwenda mafunzoni Highlander, shule ya wanaharakati kule Tennessee, kusomea mambo hayahaya. Dereva alikuwa James Blake, yuleyule aliyemshusha mwaka 1943 kwa kukataa utaratibu wa kulipia mlango wa mbele, kushuka, na kuzunguka kupandia wa nyuma. Mara nyingine dereva aliondoa gari wewe ukiwa bado unazunguka, nauli yako keshaitia mfukoni. Waliopanda daladala humu wanaujua uchungu wa kuachwa na gari uliyokwishalipia.

Siku ya pili ni ya Claudette Colvin. Miaka 15, mwanafunzi, alikamatwa kwenye basi la mji huohuo tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks. Wanafunzi wangu hawajawahi kumsikia, wanahisi wameibiwa. Kwa nini viongozi hawakumsimamisha yeye? Mdogo, kwao ni maskini, walihofia atasemwa, na baadaye akapata ujauzito. Nawaachia wabishane. Mwaka jana binti mmoja alisimama akasema, "Kwa hiyo hata ndani ya haki kuna foleni." Niliandika ubaoni maneno yake, sikuyafuta wiki nzima. Jalada la kesi yake ya utotoni mahakama ilikuja kulifuta mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Siku ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote. Ni ya Jo Ann Robinson. Huyu alikuwa mwalimu mwenzetu, wa Kiingereza, pale Alabama State College, tena kiongozi wa Baraza la Siasa la Wanawake. Usiku ule Parks alipokamatwa, yeye, mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili waliingia chuoni kimyakimya, wakakata stensili na kuanza kudurufu. Karatasi moja ilitoa vipeperushi vitatu, unakata kwa mikono. Mpaka alfajiri walikuwa na zaidi ya 30,000: Jumatatu tarehe 5 Desemba, msipande basi. Asubuhi hiyo alikuwa na kipindi saa mbili, akaingia darasani kama kawaida. Walimu mliowahi kudurufu mitihani usiku kwa stensili, wino mpaka kwenye nyusi, mnajua hiyo ni kazi gani. Na hiyo karatasi ni mali ya chuo cha serikali ileile!

Mkumbuke hapo Martin Luther King, yule mchungaji wa ndoto, hajaingia bado. Ana miaka 26, mgeni mjini, na mgomo wa mabasi umeshapangwa na akina mama.

Kesho Alhamisi ni siku ya hesabu. Nawapa namba tu: nauli senti 10. Kampuni ya mabasi inakosa kati ya nauli 30,000 na 40,000 za watu weusi kila siku. Magari ya kujitolea yapatayo 300. Teksi za weusi zilianza kwa kuchukua senti 10 kama basi, mji ukazibana kwa sheria ya nauli isiyopungua senti 45. Swali: fikisha watu kazini. Makundi ya wanne wanne, dakika 40. Nitaleta mrejesho.

Niishie hapo kwa leo, maharage yanaungua. Wenye maswali, karibuni.

Sangara wa Ziwa:

Uzi mtamu, nimeweka kambi.

Mkaa Kimya:

Mleta uzi, pole na majukumu. Ila na mimi niseme la moyoni. Haya mambo ya Wamarekani yanatuhusu nini? Sisi tuna Kinjeketile wetu watoto hawamjui.

Mwalimu wa Zamu:

Mkuu Mkaa Kimya, mimi nalipwa na Wamarekani kufundisha watoto wa Marekani, kwa hiyo kwangu halina mjadala. Kinjeketile ukimfungulia uzi nitakuja na kigoda changu.

Ila kama unatafuta uhusiano, upo, na si wa kulazimisha. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alifika Atlanta akiwa waziri wa mambo ya ndani. Vijana wa SNCC, ile jumuiya ya wanafunzi, walikwenda hotelini kumsalimia. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani wanywe kahawa, wakakataliwa, wakagoma kutoka, wakakamatwa. Waziri wa nchi yenye umri wa siku kadhaa anapokelewa hotelini, mwenyeji mlango wa pili hauziwi kikombe cha kahawa. Wakatunga wimbo wenye jina la Odinga, na neno "uhuru" likaimbwa kusini mwa Marekani hivyohivyo lilivyo, kwa Kiswahili. Watoto wangu wa Kikongo wakifika hapo wanakaa wima.

Mwingine ni Bob Moses, aliyeongoza kazi ya kuandikisha wapiga kura Mississippi. Mwaka 1969 alikuja Tanzania na mkewe, akafundisha hesabu Same mpaka 1976. Rudi naye Marekani, 1982, Cambridge, Massachusetts. Binti yake anaingia darasa la 8, shule haina aljebra ya kumfundisha. Binti anaitwa Maisha. Jina mnaliona wenyewe. Baba akaomba ruhusa ya kuingia darasani amfundishe yeye na wenzake, na hapo ukazaliwa Mradi wa Aljebra uliosambaa shule nyingi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto asiyejua aljebra zama hizi ni sawa na mkulima wa Mississippi asiyejua kusoma zama zile, wote wanafungiwa mlango uleule. Mwenzangu wa hesabu nilimpa habari hiyo, tangu hapo hanidai tena vipindi vyake ninavyovila.

Mkaa Kimya:

Hiyo ya Same sikuijua. Nimekaa kimya.

Chaki Nyeupe:

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Morogoro, sekondari ya kata, historia na uraia. Nina maswali mawili. La kwanza, sina projekta wala mchoro, nina ubao na watoto 78. La pili, kwa nini usiwaigizishe? Nimesoma habari za yule mwalimu wa Iowa, mwaka 1968 baada ya King kuuawa, aliyewagawa watoto kwa rangi ya macho, wa bluu huku na wa kahawia kule. Mtoto akionja si ndiyo anaelewa?

Mwalimu wa Zamu:

Marahaba mwanangu. La kwanza ni jepesi: chora basi sakafuni kwa chaki. Viti 36, safu zao, mlango wa mbele na wa nyuma. Watoto 78 wanasimama kulizunguka wanatazama toka juu, hata mimi huku sina nafasi hiyo.

Ila tazama, nimesema walizunguke. Usiwapandishe.

La pili nitakujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hilo unalolisema. Niligawa vikaratasi vya njano na vya kijani mlangoni, wa njano wakae nyuma, wasinyooshe mikono mpaka wa kijani wamalize. Wengi walicheka, wawili watatu walikasirika vizuri kama nilivyotaka, nikaanza kujipongeza. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyefika miezi michache kabla kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alipata njano. Hakuuliza, hakununa, alibeba begi lake akaenda nyuma kabisa ukutani. Kipindi kilipokwisha alinifuata, akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Mwalimu, na chakula leo tunapanga mstari wa mwisho?"

Niliishiwa nguvu wakuu. Mimi nilidhani naonjesha, mwenzangu alishakula sahani nzima huko alikotoka. Na watoto weusi wa hapa nao, nani kaniambia wanahitaji kuigiziwa? Wengi wa waliobobea kwenye kufundisha somo hili wanakataza maigizo ya aina hiyo, mimi nilijua baada ya kuharibu. Nilimtafuta mama yake nikamwomba radhi.

Kinachofaa ni kuwapa kazi ya wale watu, si mateso yao. Wapange safari, waandike kipeperushi, wachague nani atoe ushahidi.

Chaki Nyeupe:

Nimekuelewa Mwalimu. Sakafuni, walizunguke.

mama_wawili:

Mimi ni Mkenya, niko Texas. Kijana wangu wa miaka 12 alirudi nyumbani siku moja hakula. Usiku akaja kulala kwetu, jitu la futi tano. Kumbe wameonyeshwa picha ya Emmett Till ndani ya jeneza. Sikulala na mimi. Mwalimu, wewe unaionyesha?

Mwalimu wa Zamu:

Pole sana mama. Hapana, siionyeshi. Najua wenzangu hawatakubaliana na mimi.

Kwa wasiojua: Emmett Till alikuwa mtoto wa miaka 14 wa Chicago. Agosti 1955 alikwenda kwa ndugu zake Mississippi, akadaiwa amemtania mwanamke mzungu dukani, na usiku wa tarehe 28 akachukuliwa kitandani, akateswa na kuuawa, mwili ukatupwa mtoni. Wanaume wawili walishtakiwa. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu wanaume, liliwaachia baada ya kujadiliana dakika 67. Miezi michache baadaye wakauza maungamo yao kwa gazeti, wakijua hawawezi kushtakiwa tena.

Mama yake, Mamie, aliagiza jeneza liachwe wazi watu waone walichomfanyia mwanawe. Maelfu walipanga foleni Chicago, na gazeti la Jet likachapa picha. Hoja ya wenzangu ni hii: mama mwenyewe alitaka ionekane, wewe mwalimu ni nani uifiche? Hoja nzito, siidharau. Ila mama yule aliwaonyesha watu wazima wa Marekani waliokuwa wanajifanya hawaoni. Hakuwa anamwonyesha mtoto wa miaka 12 saa nne asubuhi, kati ya kipindi cha sayansi na chakula cha mchana, ambaye hana pa kulipeleka.

Mimi natumia ile picha ya Krismasi ya 1954, kijana na kofia yake na tai, anatabasamu. Naibandika nasema: anawazidi mwaka mmoja. Kisha nasimulia uamuzi wa mama, nawauliza wao wangeamuaje. Wanaandika, hawasomi kwa sauti. Na wiki moja kabla natuma barua nyumbani, ya Kiswahili kwa wazazi wa Kikongo naiandika mwenyewe. Kabla ya barua nilikuwa napigiwa simu kwa hasira. Sasa wananiandikia habari za kwao, nyingine sizitoi humu.

mama_wawili:

Asante. Barua tu ingetosha. Ningejua nimshike vipi akirudi.

Papa Bukavu:

Jambo ba ndugu. Mie niko hapa Iowa, natoka Bukavu. Mtoto yangu ya darasa ya saba alirudi ku nyumba na ile karatasi ya Louisiana, ile mtihani ya kupiga kura. Akasema "Papa, fanya." Maswali 30, dakika 10, ukikosa moja tu umeanguka. Mie niko na diploma! Swali ya kwanza inasema: chora mstari kuzunguka namba ao herufi ya sentensi hii. Nikazungusha sentensi yote. Mtoto anacheka mpaka anaanguka. Jibu ni gani mwalimu?

Mwalimu wa Zamu:

😂 Papa, karibu kwenye timu ya walioanguka, mwenyekiti ni mimi.

Namba iliyo mwanzoni mwa sentensi, hiyo ndiyo ya kuzungushia, kwa maoni ya wengi. Lakini aliyekuwa anasahihisha ni karani wa uandikishaji, na karani ndiye aliyekuwa anaamua. Angetaka ungefaulu, angetaka ungefeli. Karatasi hiyo ni ya 1964, mtihani wa kuwazuia weusi wasiandikishwe kupiga kura. Mississippi walikuwa na namna yao: karani anakuchagulia kifungu cha katiba ya jimbo uandike maana yake. Mzungu anaweza kupewa cha mstari mmoja, wewe ukapewa kinachowachanganya hata mawakili.

Hapo ndipo namwingiza Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shambani wa Mississippi. Agosti 1962, yeye na wenzake, jumla 18, walikodi basi bovu mpaka mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alipewa kifungu, akashindwa. Wakiwa njiani kurudi polisi wakasimamisha basi, dereva akapigwa faini kwa kosa la basi kuwa la njano mno, eti linafanana na la shule. Watoto hawaamini, nasoma mara mbili. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alilofanya kazi miaka 18 akamwambia: futa ombi lako la kujiandikisha au ondoka. Akaondoka. Sheria ya haki ya kupiga kura ilikuja tarehe 6 Agosti 1965. Baina ya ile siku ya basi la njano na sheria kuna miaka mitatu, na watoto nawataka waijaze wenyewe, nani alifanya nini. Hawaruhusiwi kuandika "watu wakaelewa".

Sangara wa Ziwa:

"La njano mno" 😂😂 trafiki ni wale wale dunia nzima.

Kobe Mzee:

Mwalimu, huku kwetu jimboni kuna sheria siku hizi za kuwabana walimu juu ya mambo ya rangi. Huogopi?

Mwalimu wa Zamu:

Naogopa mzee wangu, nina watoto wa kusomesha. Tangu 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria za namna hiyo, na nyingine zimeandikwa kwa maneno mapana, hujui mpaka uko wapi. Ngao yangu ni nyaraka. Simwambii mtoto "wazungu walikuwa wabaya". Nampa karatasi ya kukamatwa kwa Parks yenye alama za vidole, kifungu cha sheria ya mji, hati ya faini: dola 10 na dola 4 za gharama za mahakama. Watoto wanapiga hesabu wenyewe, hiyo ni nauli ya safari 140. Mzazi akija juu namwonyesha karatasi ya serikali yake mwenyewe. Mpaka sasa imenisaidia. Kesho sijui.

Na kuna jambo lingine linatuliza pande zote. Madai ya kwanza ya mgomo yalikuwa madogo kiasi cha kushangaza: madereva wawe na adabu, weusi waajiriwe udereva kwenye njia zao, na anayewahi kiti akae, weusi wakianzia nyuma na weupe mbele. Yaani hata kuchanganyika hawakudai! Mji ukakataa hilo dogo. Ndipo wakili Fred Gray akafungua kesi ya kuupiga ubaguzi wenyewe kwa jina la wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao. Parks hakuwemo. Mahakama ya Juu ikawapa ushindi Novemba 1956, na tarehe 21 Desemba watu wakapanda mabasi baada ya siku 381. Kumbe yule binti wa miaka 15 waliyemwona hafai alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Darasa huwa linapiga makofi hapo, na mimi huwa nawaacha.

Chaki Nyeupe:

Na wale watoto walioandamana Birmingham, Alabama? Wanafunzi wangu nadhani watawapenda zaidi.

Mwalimu wa Zamu:

Hao ni wiki ya pili. Tarehe 2 Mei 1963 watoto wa shule walitoka kanisa la Mtaa wa 16 kwa makundi kuandamana kupinga ubaguzi, wakakamatwa kwa mamia, kesho yake wakamwagiwa maji ya zimamoto na kuwekewa mbwa. Mtangazaji wa redio alikuwa amewaambia kwa mafumbo kuwa kuna sherehe bustanini, waje na miswaki. Mswaki ndio unaowaingia watoto. Ukiambiwa uje na mswaki, hurudi nyumbani leo. Miongoni mwao alikuwemo Audrey Faye Hendricks, miaka 9, akakaa kizuizini wiki nzima. Watu wakubwa walilaumu, Malcolm X naye akasema mwanamume hapeleki watoto mbele. Wanafunzi wangu wanagawanyika hapo kuliko mahali pengine popote, na simwambii mtu nani kashinda. Septemba mwaka huohuo kanisa lilelile likalipuliwa, mabinti wanne wakafa. Hilo nalisema polepole, nataja majina yao, nafunga kitabu.

Sangara wa Ziwa:

Mwalimu mrejesho wa Alhamisi uko wapi? Tunadai.

Mwalimu wa Zamu:

Nimerudi. Samahanini, jana kulikuwa na kikao cha wazazi.

Kundi la kwanza lilianza na pesa: nauli 30,000 kwa senti 10, kampuni inakosa dola 3,000 kwa siku. Wakashangilia, wakataka kwenda mapumziko. Kundi la dirishani ndilo lililoharibu sherehe. Gari la zama zile linabeba abiria watano. Magari 300 mara 5 ni watu 1,500 kwa safari moja. Safari 30,000 gawanya kwa 1,500 ni raundi 20. Wakachora saa ukutani: raundi 20 kwa siku, dereva mwenyewe ana kazi yake, mafuta yanakwisha. Haiwezekani. Wakarudia hesabu, wakaniita kusema namba nilizowapa ni za uongo.

Nikawaambia si za uongo. Nikawaambia habari za bima, jinsi magari yale yalivyofutiwa bima mara kwa mara mpaka wakaipata London kwa Lloyd's. Nikawaambia habari za Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi, akageuza jiko lake la nyumbani kuwa mgahawa, yeye na wenzake wakauza kuku, keki na pai kwenye saluni na vituo vya teksi, pesa ikaenda kwenye mafuta. Akiulizwa zimetoka wapi, anasema hazikutoka popote, na kikundi chao kikaitwa hivyohivyo, Klabu Isiyotoka Popote. Mama ntilie kabisa. Nikawatajia na yale magari ambayo makanisa yaliyanunua, yakaitwa makanisa yanayotembea.

Wakaongeza yote hayo, bado namba haifiki.

Mtoto mmoja wa Kikongo, huwa hasemi, akauliza kwa Kiswahili akidhani hatasikika: "Sasa wengine walitembea?"

Nikamwomba aseme kwa Kiingereza, akasema. Darasa zima likarudi kwenye ubao kuangalia hesabu. Wakatoa waliobebwa, wakabaki na wengine wote. Mwingine akauliza umbali, nikasema wengine maili nyingi, kwenda na kurudi, na wengi wao wafanyakazi wa ndani wanaokwenda kusimama siku nzima. Siku ngapi? 381.

Halafu yule wa Kikongo akauliza viatu vilikuwa bei gani mwaka ule. Hilo sikuwa nalo kwenye andalio la somo. Nilichokijua ni kwamba makanisa ya mbali yalikusanya viatu vikapelekwa Montgomery, nikamwambia hilo. Bei amesema ataitafuta yeye, ataniletea Jumatatu.